Hewa kwanza, makohozi baadaye: kumsaidia mgonjwa asiye na nguvu ya kukohoa

Kijana aliyevunjika shingo kwa ajali ya pikipiki, mtoto ambaye misuli yake inalegea mwaka baada ya mwaka, mama aliyeugua polio utotoni na kifua chake kikabaki dhaifu: wote watatu wanaweza kuwa na mapafu mazima, na bado mafua madogo yakawapeleka hospitalini mbio. Wanaposhindwa kukohoa, makohozi yanabaki chini na kuziba njia za hewa. Sehemu ya pafu inanywea, vijidudu vinapata makao, nimonia inaanza. Kwa watu waliopooza mikono na miguu, matatizo ya kupumua ni miongoni mwa sababu kuu za kifo, hata miaka mingi baada ya jeraha lenyewe kupona.

Ninafanya kazi ya kine (mtaalamu wa tiba ya mazoezi ya mwili na kupumua) hapa Bukavu, na kila ninapokaa na familia narudia jambo moja: makohozi yanasukumwa na hewa iliyo nyuma yake. Bila hewa hiyo, siropu haitoshi, kumpigapiga mgongoni hakutoshi, na kumwambia "jikaze ukohoe" ni kumtesa tu. Mjazeni hewa kwanza.

Mwongozo huu ni wa familia ambayo imekwisha kuonyeshwa kazi hii na kine au daktari, mkono kwa mkono, kisha ikarudi nyumbani Kadutu, Bagira au Ibanda na kuanza kusahau hatua. Kama hamjaonyeshwa bado, usomeni kisha mwende nao kwa kine mkaombe kufundishwa. Msianze peke yenu.

Kikohozi kinavyofanya kazi

Kikohozi kizuri kina sehemu tatu. Kwanza mtu anavuta hewa nyingi, kwa mtu mzima zaidi ya lita mbili. Pili koo linajifunga kwa muda mfupi sana huku misuli ya tumbo na kifua ikikaza, na hewa inabanwa ndani. Tatu koo linafunguka ghafla, hewa inatoka kwa kasi na kuyaburura makohozi.

Aliyevunjika shingo amepoteza nguvu ya kuvuta na nguvu ya kukaza tumbo. Lakini kufunga koo kwa kawaida bado anaweza, kwa sababu mishipa ya fahamu ya koo inatoka moja kwa moja kwenye ubongo bila kupita kwenye uti wa mgongo. Jambo hilo ndilo linalotuwezesha kumsaidia kwa vifaa rahisi: ambu, yaani mfuko wa hewa unaominywa kwa mkono, inampa hewa, yeye mwenyewe anafunga koo, na mikono yako inafanya kazi ya tumbo. Kuna pia mashine inayofanya kazi zote, nitaifikia.

Jueni nguvu yake kabla hajaugua

Ombeni kine apime kasi ya kikohozi kwa kile kipimo cha kupuliza wanachotumia wagonjwa wa pumu. Mgonjwa anakoholea ndani yake badala ya kupuliza, midomo ikiwa imebana vizuri. Kwa mtu mzima, kikohozi cha kawaida kinapita lita 360 kwa dakika. Akiwa chini ya 270 siku ambayo ni mzima, mafua yakija yanaweza kumshusha hadi mahali pa hatari, kwa hiyo huo ndio wakati wa kujifunza ambu. Chini ya 160, makohozi hayatoki kwa nguvu zake mwenyewe. Namba hizi ni za watu wazima; za watoto aziangalie mtaalamu.

Nyumbani pasipo kipimo, mwambie avute hewa yote anayoweza kisha ahesabu kwa sauti, bila haraka, kwa pumzi moja. Andikeni namba aliyofikia mahali panapoonekana. Aliyezoea kufika 25 akiishia 12, nguvu yake imeshuka, hata kama yeye anasema hajambo. Wagonjwa wetu wengi husema hawajambo ili wasisumbue watu.

Nani asifanyiwe

Hapa nawaomba msipite haraka. Kumjaza mtu hewa kwa nguvu kunaweza kumdhuru ikiwa hewa imewahi kuvuja kutoka kwenye pafu na kuingia kifuani hivi karibuni, ikiwa ana mapafu yaliyotoboka-toboka au kutanuka kwa ugonjwa wa muda mrefu, ikiwa anakohoa damu, au ikiwa shinikizo lake la damu linashuka ovyo. Kumsukuma tumbo hakufai aliyepasuliwa tumbo karibuni, mjamzito, aliyevunjika mbavu, wala ambaye shingo au mgongo wake bado haujatulia baada ya ajali. Huyo wa mwisho anahitaji kibali cha daktari aliyeona picha zake, na mtu wa pili wa kushika kichwa kisicheze.

Halafu kuna kifua kikuu. Congo ni moja ya nchi zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo, na kazi hii inarusha makohozi hewani. Kama mgonjwa amekohoa wiki mbili au zaidi, anakonda, au anatoka jasho usiku, pelekeni makohozi yake yakapimwe kwanza. Na siku zote, hata asipokuwa na dalili hizo: dirisha wazi, barakoa kwa anayehudumia, watoto nje ya chumba.

Ambu

Kifaa hiki kina undugu wa zamani na ugonjwa wa kupooza. Mwaka 1952 polio ilipoupiga mji wa Copenhagen nchini Denmark, mashine za kupumulisha hazikutosha, na wanafunzi wa udaktari wakaingia zamu usiku na mchana wakiminya mifuko ya hewa kwa mikono ili wagonjwa waishi. Mwaka 1956, katika nchi hiyohiyo, ukatoka mfuko unaojijaza wenyewe, usiohitaji mtungi wala koranti (umeme). Ndiyo ambu tunayoijua. Kwa mji kama wetu, ambako koranti inakatika wakati wowote, sijui kifaa chenye thamani zaidi kwa mgonjwa wa aina hii.

Mnahitaji ambu ya mtu mzima (mfuko wake unabeba takriban lita moja na nusu), maski inayokaa vizuri usoni, na ikiwezekana kipande cha mpira kinachounganisha ambu na maski ili mkono wa anayeminya uwe huru. Anayeweza kubana midomo anaweza kutumia kipande cha kuweka mdomoni, pua ikiwa imebanwa. Wengi wanakipenda kuliko maski.

Zipo ambu zilizoongezewa vali inayozuia hewa isirudi, kwa ajili ya wale wasioweza kufunga koo. Zinafaa, lakini zina hatari moja kubwa: mtu aliyezimia akipewa hewa kwa ambu hiyo, hataweza kuitoa. Mkipewa ya namna hiyo, ifungeni kitambaa chekundu na kuandika juu yake kwa herufi kubwa SI YA KUOKOLEA ALIYEZIMIA, na iwekeni mbali na ambu ya kawaida.

Kazi yenyewe inakwenda hivi:

1. Chagueni saa. Asubuhi kabla ya uji na jioni kabla ya kulala ni nyakati nzuri. Akisha kula, subirini saa mbili hivi, la sivyo atatapika, na matapishi yakiingia kwenye mapafu mmeongeza tatizo.

2. Mlazeni inavyomfaa. Familia nyingi zinamkalisha kila mgonjwa zikidhani kukaa ndiko kupumua. Aliyevunjika shingo anapumua vizuri zaidi akilala chali, kwa sababu akikaa tumbo lililolegea linaanguka mbele na kiwambo, ule msuli mkuu wa kupumua ulio chini ya mapafu, kinakosa pa kuegemea. Akitaka kukaa, mfungeni kitenge tumboni, kuanzia chini ya mbavu hadi kwenye nyonga, kikaze bila kumuumiza, mbavu zikiwa huru. Kinyume chake, mwenye ugonjwa uliodhoofisha kiwambo chenyewe anazama akilala chali. Huyo awe ameegemea mito, nusu ameketi.

3. Kubalianeni ishara. Maski ikiwa mdomoni hawezi kusema. Kufumba macho kwa nguvu iwe "acha". Ishara hiyo iheshimiwe hapohapo, bila "bado kidogo". Mgonjwa asiyeamini kwamba mtaacha hatalegeza kifua chake, na hewa haitaingia.

4. Mwambie avute pumzi yake mwenyewe, na wakati anavuta, minya ambu taratibu, kama sekunde mbili. Minya iende pamoja na pumzi yake. Ukiminya wakati anatoa hewa, mnagombana.

5. Mwambie "shika". Anafunga koo na kuzuia hewa. Ambu ijijaze. Sasa ongeza minyo wa pili juu ya ule wa kwanza, "shika", na wa tatu. Wengi wanajaa kwa minyo miwili hadi minne. Utajua amejaa kifua kikiwa kimeinuka, hewa ikianza kuvuja pembeni mwa midomo, au yeye akitoa ishara. Kuhisi kifua kinavutika ni sawa. Maumivu makali ya kuchoma si sawa: achane na zoezi na mwone daktari.

6. Ashike hewa sekunde tatu, ondoa maski, kisha akohoe. Au kama hana makohozi siku hiyo, aiachie polepole. Msiache zoezi siku ambazo hana makohozi. Kujaza mapafu kunayazuia yasinywee na mbavu zisikakamae.

7. Rudieni mara tatu hadi tano, mkimpumzisha kati ya mzunguko na mzunguko mpaka kizunguzungu kiishe kama kipo. Siku za kawaida, mara mbili hadi tatu kwa siku zinatosha.

Makosa ninayoyaona zaidi ni mawili. Maski inashikwa ovyo na hewa yote inakwenda mashavuni. Na ambu inaminywa haraka kwa hofu, koo linajikaza, hewa inaingia tumboni. Tumbo likianza kujaa gesi, punguzeni kasi.

Mikono

Hewa imejaa, sasa kuitoa kwa kasi. Weka kiganja chako juu ya tumbo, kati ya kitovu na ncha ya mfupa wa kifua. Usiguse ule mfupa mdogo wa ncha, unavunjika. Mgonjwa anapokohoa, sukuma kwa ndani na kwenda juu upande wa kichwa, mara moja, kwa nguvu ya mwili wako, siyo ya vidole.

Yote ni kwenda pamoja. Ukisukuma mapema koo bado limefungwa na unamuumiza. Ukichelewa hewa imekwisha toka. Ndiyo maana mdomo wa anayesaidia una kazi kuliko mkono: "Yaya, vuta... shika... naongeza... shika... tena... moja, mbili, kohoa!" Na kwenye "kohoa" mkono unakwenda. Familia ikiwa na watu wawili, mmoja ashike ambu, mwingine tumbo, na atoe amri mmoja tu. Nyumba ambayo watu wawili wanaamuru kwa pamoja, mgonjwa hajui afuate ya nani.

Wengine wanafundishwa kubana mbavu za chini kwa viganja viwili badala ya tumbo. Ni njia nzuri kwa vijana wenye mbavu laini. Kwa wazee, na kwa aliyepooza siku nyingi ambaye mifupa yake imedhoofika, mimi siipendi.

Makohozi yakifika mdomoni, mgeuze upande, mfute kwa kitambaa safi. Yaangalieni. Meupe ni ya kawaida. Yakigeuka manjano mazito au kijani, yakiongezeka, au yakinuka, mpigieni muuguzi wenu siku hiyohiyo. Yakiwa na damu, simamisheni zoezi.

Mashine ya kukohoza

Mashine hii inasukuma hewa ndani kwa shinikizo, kisha inageuka ghafla na kuivuta nje, na mgeuko huo ndio unaofanya kazi ya kikohozi. Wazo lake lilifanyiwa kazi Marekani katika miaka ya 1950, wakati uleule wa polio, likasahaulika kwa muda, kisha mashine za kisasa zikaingia sokoni katika miaka ya 1990. Kwetu ni adimu na ni ghali. Wachache walio nayo mara nyingi wameletewa na ndugu aliye nje.

Namba zake azipange kine au daktari. Kwa kawaida mtu mzima anaanza chini, kama sentimita 15 za maji (ndicho kipimo cha shinikizo la hewa) kuingiza na 15 kutoa, azoee, kisha anapandishwa kidogokidogo. Wengi wanafika 40 kuingiza na 40 kutoa. Hewa inaingia sekunde mbili au tatu, inatoka sekunde mbili au tatu, kisha kituo kifupi. Pumzi nne au tano ni fungu moja; mnafuta makohozi, anapumzika, mnarudia mafungu manne hadi sita. Mkono wa tumboni unaweza kuongezwa wakati mashine inavuta, na matokeo yanakuwa bora zaidi.

Kuna faida ambayo watu hawaijui. Mrija wa kunyonya makohozi ukiingizwa kwenye njia ya hewa, mara nyingi unakwenda pafu la kulia, kwa sababu njia ya upande huo imenyooka zaidi. Pafu la kushoto linabaki na makohozi yake. Mashine ya kukohoza inavuta pande zote mbili, na haikwaruzi.

Kabla ya kununua, ulizeni kama ina betri yake na kama maski na mabomba yake yatapatikana hapa. Anayetumia paneli za jua amwonyeshe fundi kibao cha umeme kilicho nyuma ya mashine. Na hata mkiwa nayo, ambu isitoke kando ya kitanda, kwa sababu koranti haitasubiri mmalize.

Nimeulizwa kama mtu anaweza kujitengenezea kwa kompresa ya kujazia magurudumu, au kwa mashine ya kunyonya iliyounganishwa na maski. Hapana, kabisa. Shinikizo la vyombo hivyo halina kipimo cha mwili wa binadamu. Linaweza kupasua pafu.

Mwenye tundu kooni, au mwenye mashine ya kupumulia

Mwenye mrija wa kooni hawezi kushika hewa kwa koo lake, maana hewa inapita chini yake. Ambu inaunganishwa na mrija moja kwa moja, na kazi hiyo ifanywe tu na aliyefundishwa juu ya mgonjwa huyo huyo. Kunyonya kusizidi sekunde 10 hadi 15 kwa mara moja, mrija uwe safi, na apewe hewa kabla na baada.

Aliye na mashine ya kupumulia nyumbani muulize daktari wake inatoa hewa kwa ujazo au kwa shinikizo. Inayotoa kwa ujazo inaweza kutumika kama ambu: anashika pumzi ya kwanza, anaongeza ya pili, ya tatu. Inayofanya kazi kwa shinikizo haiwezi kurundika pumzi hivyo, kwa sababu ikifika kiwango chake haiongezi. Huyo bado anahitaji ambu.

Maji, moshi, usafi

Makohozi makavu yanagoma hata kwa mashine bora. Anywe maji ya kutosha, isipokuwa kama daktari amemkataza kwa ajili ya moyo au figo, na anayepaliwa anywe kidogokidogo akiwa ameketi wima. Jiko la makala litoke chumbani. Katika kiangazi, vumbi la barabara zetu linaingia hadi kitandani. Fagieni kwa kitambaa chenye maji, siyo kwa ufagio mkavu.

Maski na vali zioshwe kila siku kwa sabuni na maji safi, zisuuzwe, zikauke kabisa kivulini kabla ya kurudishwa. Msizichemshe kama aliyetengeneza hakuruhusu. Na msimwazime jirani maski yenu, hata kwa huruma.

Mafua yakiingia nyumbani

Hapa ndipo kazi yote mliyojifunza inahitajika. Msisubiri homa. Siku ya kwanza ya mafua, ongezeni mizunguko: kila mnaposikia makohozi yakikoroma, hata usiku. Kama mna kipimo cha oksijeni cha kidoleni, kitumieni, lakini kwa akili. Bukavu iko juu, karibu mita 1,500, na namba za hapa zinaweza kuwa chini kidogo kuliko za mtu wa pwani. Cha muhimu ni namba yake mwenyewe akiwa mzima, iandikeni. Ikishuka chini ya hapo, mfanyieni ambu na mikono mpaka ipande. Ikipanda baada ya makohozi kutoka, mmejua tatizo lilikuwa nini.

Jambo ninaloomba familia zilijue kwa moyo: oksijeni peke yake haitoi makohozi. Inapandisha namba kwenye kipimo huku kizibo kikibaki palepale, na kwa mwenye misuli dhaifu ya kupumua inaweza kuficha kwamba hewa chafu inajikusanya mwilini, akaanza kusinzia, kichwa kikamuuma, asiamke. Anayehitaji oksijeni apewe, lakini aangaliwe pumzi zake na atolewe makohozi.

Mpelekeni hospitali bila kungoja asubuhi ikiwa namba haipandi baada ya mizunguko kadhaa, ikiwa midomo au kucha zimegeuka rangi, ikiwa anahema haraka na hawezi kumaliza sentensi, ikiwa anasinzia ovyo au amechanganyikiwa, ikiwa amepata maumivu ya ghafla kifuani baada ya ambu, au ana homa kali. Nendeni na ambu yake, maski yake, na karatasi yenye namba zake: kikohozi, oksijeni akiwa mzima, dawa anazotumia. Mwenye zamu usiku huenda hajawahi kumwona mgonjwa wa namna hii. Mwambieni kwa heshima: "Dokta, huyu hana nguvu ya kukohoa, tumemsaidia kwa ambu tangu saa fulani, naomba turuhusiwe kuendelea kando yako."